Viatu Themanini vya Kioo

Kwanza alimpa nyundo.

Ndivyo Bi Sikudhani Pazi alivyowapokea wote waliopanda kilima cha Kisarawe kuja kuuliza kama ni kweli. Kiti kingekuja baadaye, na chai ingekuja baadaye. Mgeni alipewa nyundo, kiatu kikawekwa juu ya gogo la mninga katikati ya karakana, na yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono kifuani na kungoja. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, mfupi, mnene kiasi, na kama kuna mtu aliyewahi kumwona ana wasiwasi, basi mtu huyo hakuwahi kujitokeza kulisema.

"Piga, baba," alisema.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Bwana Ambakisye, kiongozi wa watembezi wa Bonde la Njano. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa treni kutoka nyanda za juu za kusini. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na alichechemea mguu wa kushoto. Aliitazama nyundo, akakitazama kiatu. Kiatu kilikuwa na rangi ya maji ya dafu, na unyayo wake, mnene kama kidole gumba, ulipinda kwa chini kama miguu ya kiti cha kubembea.

"Mama, mimi nimetumwa kuvichukua. Sikutumwa kuvivunja."

"Ukishindwa kukivunja ndipo utajua umechukua nini. Piga, usikionee huruma. Hata mimi sikionei."

Alipiga, lakini kwa adabu ya mgeni. Kiatu kikalia kama kengele ya shule na nyundo ikamrudia. Akapiga tena, mara hii kwa nguvu za mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, na kilichobonyea kilikuwa gogo. Mafundi waliokuwa wakichungulia mlangoni walicheka kicheko chao cha kila siku. Bi Sikudhani hakucheka. Alikichukua kiatu, akakifuta kwa upande wa khanga yake, akampa mgeni akishike.

"Sasa keti unywe chai," alisema.

Ilikuwa haki yake kuringa. Alikuwa msichana mdogo mwaka ule dunia ilipoipiga marufuku plastiki, na alikumbuka lori la serikali likipita mtaa kwa mtaa kukusanya kandambili za mwisho. Miaka michache baadaye ukungu ukaiua miti yote ya mpira duniani, na watu wakarudi kwenye ngozi na mbao kama babu zao. Kwa watu wengi haikuwa shida. Ngozi ni kitu kizuri. Lakini Bonde la Njano halikuijali ngozi. Kule ardhi ilikuwa ganda jembamba juu ya tindikali, na juu ya ganda hilo iliota chumvi nyeupe ambayo bila yake hakuna betri, na bila betri nusu ya nchi ingelala gizani. Mashine za chuma zilizopelekwa zilirudi zimetobokatoboka kama chujio. Basi wakaenda watu, kwa miguu, wakiwa na soli za mbao zilizodumu siku nne, na siku ya tano tindikali ilianza kuuliza habari za vidole.

Kioo hakiliwi na tindikali. Hilo kila mtu alilijua, kwa maana tindikali yenyewe huwekwa kwenye chupa. Ila wataalamu wa mbali walikwisha kuandika kwamba kiatu cha kioo ni ndoto ya watoto, maana mguu hujikunja na kioo hakijikunji. Bi Sikudhani alisomewa ukurasa wa kwanza wa maandishi yao akasema inatosha. "Hawa hawajawahi kuvaa mitalawanda," alisema. Bibi yake alizunguka uani na mitalawanda ya mbao miaka yote, akaenda nayo bafuni, jikoni na kwa jirani, na mbao ile haikujikunja hata siku moja. Kiatu kisichojikunja hakina budi kubingirika, basi. Akapinda unyayo, akaweka juu yake kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, ndani akatia pamba. Ilimchukua miaka tisa. Waliomcheka walikuwa wengi, na yeye aliwajua kwa majina.

Sasa kulikuwa na viatu themanini kwenye rafu, jozi arobaini, na nchi nzima ilikuwa imeviona kwenye habari. Bwana Ambakisye angekaa Kisarawe siku tano, vitambaa vya mwisho vishonwe, kisha aondoke navyo.

"Wananisubiri," alisema huku akipuliza chai. "Tusajigwe amepoteza vidole viwili mwezi uliopita. Alikuwa siku ya tano na mbao zile zile, kwa sababu mbao mpya zilichelewa. Nilimwambia avumilie, viatu vya Kisarawe vinakuja."

"Vimekuja," alisema Bi Sikudhani.

* * *

Kesho yake, saa nne asubuhi, kiatu kimoja kilipasuka chenyewe.

Hakuna aliyekigusa. Bi Sikudhani alikuwa ameketi hatua sita kutoka kwenye rafu akikagua mshono, na alipoinua macho kwa ule mlio, mahali pa kiatu cha kulia namba thelathini na tisa palikuwa na fungu la chenga za kioo, na chenga nyingine zilikuwa bado zikidondoka sakafuni. Kitambaa kilikuwa kimelala juu yake kitupu. Kutoka uani, alikokuwa akiota jua, sauti ya Bwana Ambakisye iliuliza kuna nini.

"Bilauri imeanguka," alijibu Mwenyekiti Dihenga haraka, akaufunga mlango.

Dihenga ndiye aliyesimamia ushirika wa karakana, mtu wa suti na wa maneno laini, na hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Nyangeta, mtaalamu wa kioo wa karakana, binti wa Musoma aliyeajiriwa miaka mitano nyuma kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumbishia Bi Sikudhani katika usaili.

"Nani amekiangusha?"

"Hakikuanguka, Mwenyekiti. Mngeacha kwanza nikusanye. Msikanyage, tafadhali."

Alikusanya kwa kibano, chenga moja moja, akiwa amepiga magoti, hadi adhuhuri. Kioo kilichokazwa hakivunjiki kama sahani. Kikitoka tanurini kikiwa chekundu hupulizwa hewa baridi pande zote; ngozi ya nje huganda kwanza, kisha moyo wa ndani unapopoa hutaka kusinyaa, ukaivuta ngozi ile kwa nguvu zote. Ndiyo maana nyundo haikifanyi kitu, kwani ngozi imebanwa kiasi kwamba ufa haupati pa kupenya. Lakini kitu kikiutikisa ule moyo wa ndani, basi mvutano wote huachiwa kwa mara moja, na kiatu kizima hugeuka chenga. Nyangeta alikuwa akitafuta mahali mtikisiko ulipoanzia. Alijua huwa panaachwa vipande viwili vikubwa kidogo, vimekaa kama mbawa za kipepeo.

Alivipata. Aliviweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamwita Bi Sikudhani peke yake.

"Tazama katikati, Bi Fundi."

Bi Sikudhani aliinama. Kwenye kifua cha kipepeo palikuwa na doa la manjano meusi, mviringo kabisa, dogo kuliko punje ya mchanga.

"Hili ni jiwe," alisema Nyangeta. "Nikeli na salfa. Salfa ni yetu, ile chumvi tunayotia kuondoa mapovu. Nikeli sijui imetoka wapi. Kwenye moto jiwe hili huwa dogo, na kioo kikipoa linataka kunenepa, lakini linanenepa polepole mno. Wiki, miezi, hata miaka. Siku likishiba nafasi yake, kiatu kinakwenda."

"Na vingine?"

"Vyote vimetoka kwenye chungu kimoja cha kuyeyushia. Huenda hiki kilikuwa peke yake. Huenda viko kumi. Kwa macho huwezi kuliona, na nyundo haiwezi kulijua."

Bi Sikudhani alijinyoosha taratibu. "Nikeli hutumika wapi?"

"Huku kwetu? Sehemu kubwa ni kwenye chuma kisichoshika kutu. Sufuria, vijiko, hivyo."

Bi Sikudhani aliifunika hadubini kwa kitambaa. Alisema, "Haya, mwite Mwenyekiti," na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, jambo ambalo baadaye alilionea aibu kuliko mengine yote.

* * *

Bibi yake, Bi Mwajabu, ndiye aliyewasha tanuri la kwanza juu ya kilima hiki. Siku ile alichota mchanga kwa upawa wa kifuu cha nazi, upawa wa jikoni kwake, akautia motoni na kusema, "Kula, nasi tule." Kisha akauachia upawa wenyewe, kwa sababu, alisema, humlishi mgeni ukamnyang'anya kijiko. Tangu hapo kila chungu kipya kililishwa hivyo na fundi mkuu, na upawa ukaachiwa. Kifuu kiliungua kikawa moshi. Hakikudhuru kitu kwa miaka sabini.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya kulisha chungu cha viatu themanini, walikuja waandishi wa habari kumi na wawili na kamera zao. Bi Sikudhani alikuwa amesuka nywele na kuvaa gauni la hariri. Alipouchukua upawa wake, mweusi kwa masizi na mpini wake umefungwa kamba, aliuona jinsi kamera zingeuona. Akaurudisha mezani. Akatuma aletewe kutoka nyumbani kwake kijiko kikubwa cha pilau, kile kinachong'aa, cha chuma kisichoshika kutu, ambacho alitunzwa siku ya harusi yake. Alichota, akanena maneno ya bibi, akakiachia. Kiliwaka kidogo kabla ya kuzama. Watu walipiga makofi na vigelegele, na picha ile ilitoka kurasa za mbele.

Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Msemo huo aliujua tangu utotoni, na aliwahi kuwaambia wengine mara nyingi.

Mwenyekiti Dihenga alipokwisha kuelezwa habari za jiwe, hakupoteza muda. Alimwita Kondo, mchimba mchanga. Kondo alifika na vumbi lake, akavua kofia, akasimama kando ya mlango kama mtu aliyeitwa polisi.

"Nikeli imetoka kwenye mchanga," alisema Dihenga. "Haiwezi kutoka kwenye magadi, hayo yana cheti. Haiwezi kutoka kwenye chokaa."

"Mchanga wangu naufua mara saba, Mwenyekiti," alisema Kondo. "Miaka ishirini. Bi Fundi hapa anajua. Naufua hadi unakuwa kama sukari. Muulizeni."

Wote wakamtazama Bi Sikudhani.

Alinyamaza.

Hakusema kwamba mchanga ni mbaya, wala hakusema kwamba ni mzuri. Alitazama mikono yake, na Kondo akasubiri, kisha akashusha macho kwa adabu, kwa kuwa mtu mwenye heshima hamlazimishi mkubwa wake kusema. Dihenga akamwambia aende, asilete tena hadi aitwe. Kondo akavaa kofia, akatoka.

"Kuna njia," alisema Nyangeta mlango ulipofungwa. "Tunavioka. Joto la tanuri la mikate, na zaidi kidogo, kwa saa nane. Kwenye joto hilo jiwe linanenepa haraka. Chenye jiwe kitapasuka humo humo, na kizima kinatoka kizima."

"Na vikipasuka vyote?" aliuliza Dihenga.

"Basi vitakuwa vimepasukia kwenye tanuri, si kwenye mguu wa mtu."

"Binti yangu, sikiliza." Dihenga alivuta kiti, akaketi karibu naye, na hakusema kwa hila. "Kule sasa hivi wanatembea na mbao. Mbao inawapa siku nne. Kila mwezi kuna kidole, kuna kisigino, na mwaka juzi kulikuwa na mguu mzima. Hilo si la kubahatisha, linatokea. Ukioka, na habari ikatoka kwamba viatu vya Kisarawe vinapasuka vyenyewe, hawatavitaka tena, hata vilivyo vizima. Chungu kingine ni miezi minne. Nani atavihesabu vidole vya miezi minne hiyo? Viatu hivi, hata kama viwili vitatu vina jiwe, ni salama kuliko mbao. Mimi sisemi tudanganye. Nasema tuwape, tunyamaze, tuwatengenezee vingine taratibu."

Bi Sikudhani aliyaona maneno ya Dihenga yalivyokuwa na uzito, na hilo ndilo lililomtisha, kwani angependa yawe ya kipuuzi. Ukweli ungeweza kumkata mtu vidole. Uongo pia ungeweza. Tofauti aliyoiona, alipoitafuta, ilikuwa moja tu: mwenye mbao anajua amevaa mbao. Siku ya nne ikifika anageuka nyuma. Mwenye kioo angekwenda hadi katikati ya bonde, akiamini.

"Nipeni hadi kesho," alisema.

* * *

Asubuhi aliomba watu wote wakusanyike karakanani: mafundi, washonaji, Dihenga na suti yake. Alimtuma mtu amwite Kondo nyumbani. Kisha akatoka mwenyewe hadi uani, akamwambia Bwana Ambakisye aingie.

"Mama, kuna shida?"

"Ipo. Ingia uisikie na wenzako."

Alisimama kando ya gogo la mninga. Hakuketi, ingawa magoti yalikuwa yakimuuma.

"Mficha uchi hazai," alianza. "Jana kiatu kimoja kilipasuka. Bwana Ambakisye aliambiwa ni bilauri. Haikuwa bilauri. Ndani ya kioo kuna jiwe la nikeli, na huenda vingine vinalo pia. Nikeli hiyo haikutoka kwa Kondo. Mchanga wa Kondo ni msafi kuliko roho yangu. Nikeli ilitoka kwenye kijiko changu cha pilau, nilichokitupa tanurini kwa mkono wangu, kwa sababu niliona upawa wa bibi yangu haufai kupigwa picha. Jana Kondo alisimama pale mlangoni akanitegemea, nami nikanyamaza. Kondo, nimekukosea mbele za watu, basi nakuomba radhi mbele za watu."

Kondo aliizungusha kofia mikononi. "Yamekwisha, Bi Fundi," alisema kwa sauti nzito.

"Hayajaisha, lakini ahsante."

Hapo akamgeukia Bwana Ambakisye, na akamweleza yote: jinsi jiwe linavyonenepa, jinsi tanuri linavyoweza kuliumbua, jinsi Mwenyekiti alivyohofia vidole vya miezi minne, na kwamba Mwenyekiti alikuwa na hoja. Hakuacha kitu. Watu walioizoea sauti yake ya majigambo walishangaa kuona kwamba ilikuwa sauti ile ile, haikupungua hata nusu.

"Vimelipiwa na ni vyenu," alimaliza. "Ukitaka kuvichukua hivi vilivyo, uende nayo habari hii uwape watu wako, wachague wenyewe. Mimi ningekuomba nivioke kwanza. Kiatu changu kikivunjika, kivunjike mbele yangu."

Bwana Ambakisye aliitazama rafu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mtu asiyependa kuharakishwa, na hakuna aliyethubutu.

"Mimi nimeongoza watembezi miaka kumi na minne," alisema hatimaye. "Walioniletea soli wote waliniapia. Wa mbao waliniapia, wa ngozi iliyochovywa nta waliniapia. Hakuna aliyewahi kuniambia yake itakufa lini na kwa nini." Alikunja mikono ya shati. "Oka, mama. Nataka kuvisikia."

Waliwasha tanuri la kupozea, lile ambamo kioo kipya hupozwa taratibu, saa mbili na nusu asubuhi, viatu sabini na tisa vikatolewa pamba na kupangwa ndani, kila kimoja kwenye kisanduku chake cha udongo ili kikipasuka kisiviharibu vingine. Nyangeta alikaa mbele ya kipima joto. Wengine wakaketi chini, migongo ukutani. Hakuna aliyerudi kazini, na Dihenga, baada ya kusimama peke yake kwa nusu saa, alivua koti akaketi nao.

Saa ya kwanza haikuleta kitu. Saa ya pili, ndani ya tanuri pakalia mlio mzito, uliozibwa na udongo, na wote wakashtuka kama waliopigwa kofi. Kingine kikafuata karibu mara ile ile. Bi Sikudhani alikuwa akivijua viatu vile kimoja kimoja, kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake, na kila mlio ulimchoma mahali pake. Alilia, na hakujificha. Kufika adhuhuri milio ilikuwa sita. Saa ya tano ukaja wa saba. Kisha tanuri likakaa kimya saa ya sita, ya saba, ya nane, na ule ukimya ulikuwa mtamu kiasi kwamba hakuna aliyetaka kukohoa.

Walipofungua, kwenye visanduku saba kulikuwa na chenga. Kwenye sabini na viwili kulikuwa na viatu, vya moto, vizima, vinang'aa.

Nyangeta alivipanga kwa jozi. Vilivyobaki na wenzao vilikuwa jozi thelathini na tatu.

"Hivi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu, "ndivyo viatu vilivyojaribiwa zaidi kuliko vyote ambavyo mtu amewahi kuvaa. Kuliko mbao, kuliko ngozi. Niulizeni popote, nitatia sahihi."

Bi Sikudhani alivitazama. Alikuwa ameringa kwa viatu themanini, akadhani kuringa ni kule. Fahari ya sasa ilikuwa nyingine. Ilikuwa imetulia kifuani mwake kama mtu aliyefika nyumbani, wala haikuhitaji mpiga picha.

"Bwana Ambakisye," alisema, "nakuja nawe."

"Kufanya nini, mama?"

"Kutembea."

Nyangeta alimshika mkono. "Bi Fundi, kisayansi wewe kutembea hakuthibitishi kitu. Tanuri limeshathibitisha."

"Najua, mwanangu. Lakini wale hawakuwepo hapa kusikia."

* * *

Bonde la Njano lilinuka viberiti na mayai mabovu. Kulikuwa na jua kali la asubuhi, na ganda la ardhi lilikuwa na rangi ya pembe ya ng'ombe kwenye kingo na ya limau katikati, mahali ambapo moshi mwembamba ulitoka bila kukoma. Watembezi arobaini walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa mawe. Bwana Ambakisye alikuwa amewaeleza kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo: kijiko, jiwe, tanuri, milio saba. Walisikiliza wakaenda kulala, na asubuhi hakuna aliyesogelea masanduku.

Bi Sikudhani hakuwalaumu. Aliwaamkia, wakamwitikia kwa heshima, wengine wakamshukuru kwa lugha ya kwao, "ndaga, mama". Aliuliza nani kati yao anavaa namba thelathini na saba. Akajitokeza mwanamke wa makamo mwenye kilemba, akitembea kwa kisigino, mguu wa kulia umefungwa kitambaa.

"Mimi. Naitwa Tusajigwe."

"Mguu wetu ni mmoja, dada. Naomba uniazime viatu vyako."

Tusajigwe alimtazama juu hadi chini. "Viatu vyangu? Hata mimi sijavivaa."

"Ndiyo maana."

Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka kuona. Bi Sikudhani aliketi kwenye jiwe, akavua makubadhi yake ya ngozi, akavaa vile vya kioo, akafunga kamba za nyuzi za kioo juu ya kifundo cha mguu. Akakataa gongo alilopewa. Kisha akashuka kwenye ganda.

Liliguna chini yake. Hakuwahi kujua kwamba linaguna, hakuna aliyemwambia, na kwa hatua tatu za kwanza aliogopa mno hata akasahau alikuwa nani. Hatua ya nne akakumbuka. Alikuwa mjukuu wa Bi Mwajabu aliyekwenda kwa jirani na mitalawanda, na mwili wake ulijua kazi hii kabla yake. Akauachia unyayo ubingirike: kisigino, kati, ncha. Kisigino, kati, ncha. Tindikali ilipanda pembeni mwa kioo, ikateleza, ikarudi chini. Alikwenda hadi kwenye nguzo ya kwanza ya mawe, ile ambayo watembezi waliiita Siku ya Nne kwa sababu mwenye mbao za siku nne hakuruhusiwa kuivuka. Akaipita. Akaenda hadi ya pili, mahali chumvi ilipoota nene kama mkate, akachuma kipande kwa glavu, akageuka.

Kurudi kulikuwa kurefu zaidi. Magoti yalimuuma, jasho lilimwingia machoni, na alikuwa na hakika kwamba kila hatua ingekuwa ya mwisho, na pia alikuwa na hakika kwamba haingekuwa. Vyote viwili vilikaa ndani yake kwa pamoja. Alitembea wima. Kama kungekuwa na mlio, alitaka waone kwamba aliufuata akiwa amenyoosha mgongo.

Hakukuwa na mlio. Alipanda ukingoni, akaketi kwenye jiwe lile lile, na kamba zikamshinda kufungua.

Hakuna aliyepiga makofi. Tusajigwe alikuja akachutama mbele yake, akaishika mikono yake akaiweka pembeni, akazifungua kamba yeye mwenyewe. Akavua kiatu cha kulia, akakigeuza, akakichunguza chini, kisha cha kushoto vivyo hivyo. Akaketi pale chini mawe yalipo. Akafungua taratibu kitambaa cha mguu wake wenye vidole vitatu, akautia ndani ya kiatu.

"Bado vina joto," alisema, akafunga kamba, akasimama.

Nyuma yake watembezi wengine walikuwa wamekwisha kuketi chini, na masanduku yalikuwa yakifunguliwa.